Mbwembwe Juu ya Maiti: Mauaji ya Barabara ya Ngong na Filamu Iliyoyapamba

Mhadhara uliotolewa Embulbul, Kaunti ya Kajiado

 

Nitaanza na koti.

Miaka ya tisini hapa Bulbul kulikuwa na kibanda cha video. Kuta za mabati, paa la mabati, benchi sita za mbao ambazo hazijawahi kuona randa, na televisheni moja juu ya kreti za soda. Kiingilio shilingi tano. Jumamosi ilikuwa siku ya karate. Jumapili, watu wakishatoka kanisani, tulipewa chochote ambacho mwenye kibanda alikuwa ameokota mjini. Basi Jumapili moja akatuletea kanda aliyosema ni ya hapa hapa kwetu: mauaji ya kweli, yaliyotokea hapo Karen, na ukitazama vizuri utaona vilima vyetu. Tulijaa mpaka wengine wakakaa chini, juu ya vumbi la mbao.

Filamu hiyo iliitwa White Mischief. Kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa kuulizana stelingi ni nani, kwa maana bila kumjua stelingi hujui umshangilie nani. Tulipokubaliana kuwa ni yule mzungu mrefu mwenye nywele za dhahabu, nguo zikaanza kuvuliwa. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa kanisa, na mle ndani kulikuwa na watoto wa jirani zake. Akavua koti lake akaifunika skrini. Tukabaki tukisikiliza muziki. Baada ya dakika akalitoa, akakuta kuna mwingine anavua, akalirudisha. Mara ya nne au ya tano alipolitoa, stelingi wetu alikuwa ameshakufa, maiti.

Tulidai shilingi zetu tano. Hatukupewa.

Tangu siku hiyo nimeitazama filamu hii mara nyingi, nikiwa mtu mzima, bila koti la mtu yeyote. Na kila mara nabaki na hisia ile ile ya kibandani: kuna kitu kimetandazwa juu ya skrini, nacho kikiondolewa mtu ameshakufa na mimi sijaona. Leo nataka kulizungumzia hilo koti la pili, ambalo si la mwenye kibanda. Ni la mwongozaji, na ni la hariri.

Kwanza tukio lenyewe, maana vijana wengi hapa mnapita karibu nalo kila mnapopanda matatu ya 111 na hamjui.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, mnamo saa tisa, wafanyakazi wawili Waafrika walikuwa wakipeleka maziwa Nairobi kwa lori. Karibu na pale barabara ya Karen inapokutana na barabara hii yetu ya Ngong waliona gari aina ya Buick limeacha njia na kusimama ukingoni mwa shimo la murram, taa zikiwaka. Ndani, chini kabisa, pale abiria wa mbele anapoweka miguu, kulikuwa na mtu amejikunja kama anayesali. Alikuwa Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, umri wa miaka 39, Katibu wa Kijeshi wa koloni katika wiki zile zile ambazo majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiingia kupigana na Waitaliano kaskazini. Mwanzo polisi walidhani ni ajali. Baadaye ndipo tundu la risasi lilipoonekana nyuma ya sikio.

Sasa sikilizeni vitu vilivyokuwa ndani ya gari, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Mikanda ya kushikilia mkono, ile inayoning'inia pembeni mwa kiti, ilikuwa imeng'olewa na kuangushwa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na alama nyeupe, kama za chokaa ya viatu. Risasi zilikuwa mbili, moja ilimkosa. Mtu akiwa na vitu vitatu hivyo, mkanda, chokaa na risasi iliyokosa, anaweza kukaa usiku kucha akijiuliza: aliyeua alikuwa ndani ya gari au nje? Alikuwa ameketi nyuma? Alishikilia mkanda ili gari likiyumba asianguke? Hakuna haja ya ngoma wala zeze. Mkanda ule peke yake ni sinema.

Aliyeshukiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka 57 aliyekuwa amefika Kenya miezi miwili tu kabla, akiwa na mke mpya, Diana, wa miaka 27. Walioana Durban Novemba 1940, na walikuwa wamewekeana mkataba ambao wazee wetu hapa wangeuita wa ajabu: Diana akimpenda mwanamume mwingine, Broughton hatamzuia, na atampa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Haikupita miezi mitatu mkataba ukaanza kufanya kazi. Diana na Erroll walikutana Muthaiga Club. Tarehe 23 Januari watu hao watatu walikula pamoja hapo Muthaiga, na Broughton akainua glasi mbele ya wote akawaombea wale wapenzi wawili furaha na mrithi. Erroll akamrudisha Diana Karen kwenye nyumba ya mumewe, Marula Lane, kama saa nane na nusu. Akaondoka. Hakufika mbali.

Siku tatu kabla ya mauaji, Broughton alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Baada ya mauaji aliamrisha moto uwashwe bustanini, na polisi wakachokora majivu yake wakapata mabaki ya soksi ya gofu yenye damu. Kisha wakaenda mpaka Nanyuki, kwenye shamba la rafiki yake alikowahi kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, wakachimba risasi kuukuu kutoka ardhini. Zikafanana na zile za kwenye Buick. Alikamatwa Machi. Kesi ilianza tarehe 26 Mei, na tarehe 1 Julai 1941 akaachiliwa huru.

Aliachiliwaje? Hapo tutarudi. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ni sehemu ambayo filamu inaipita mbio kama matatu iliyoona polisi.

Filamu ilitoka 1987. Mwongozaji alikuwa Michael Radford, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ametengeneza filamu ya riwaya ya Orwell, 1984. Mpiga picha alikuwa Roger Deakins, mtu ambaye baadaye alichukua Oscar mbili. Joss Ackland ni Broughton, Charles Dance ni Erroll, Greta Scacchi ni Diana, Sarah Miles ni Alice de Janzé, John Hurt ni Gilbert Colvile, yule mfugaji wa Naivasha aliyekaa na Wamasai na kusema lugha yao kuliko alivyosema na wazungu wenzake. Nawataja ili mtu asiseme kwamba walioshindwa walikuwa wanagenzi. Hawa walikuwa mafundi. Fundi hodari akiharibu meza, kuna la kujifunza. Mwanagenzi akiiharibu, unamwambia tu arudie.

Miaka miwili kabla, 1985, Out of Africa ilikuwa imepigwa hapa hapa Karen na Ngong na kuondoka na Oscar saba. Dunia ikawa na njaa ya wazungu wenye kofia pana wakitazama machweo. Sitasema White Mischief iliiga. Kwa kweli ilitaka kuwa kinyume chake, ituonyeshe uozo mahali ile nyingine ilipoonyesha mapenzi. Lakini ilipofika sokoni ilinunua kitambaa kutoka duka moja na ile. Mwanga ule ule wa asali. Nyasi zile zile. Nguo nyeupe zilizopigwa pasi na mtu ambaye hatumwoni.

Tazameni inavyofanya kazi. Asubuhi moja Alice anafungua mapazia, anaona jua la nyanda za juu, na analaani kwamba ni siku nyingine nzuri. Watu huicheka sana sehemu hiyo, na mimi hucheka pia. Ni kichekesho kizuri, kinaeleza uchovu wa watu waliokula dunia ikawakinai. Ingetosha. Lakini filamu haijui kutosheka. Inafuata sherehe ambayo wanaume wamevaa magauni na wanawake suti. Zinafuata sindano za dawa. Kisha, Erroll akishakufa, Alice anaingia mochari, na kamera inamfuata kufanya juu ya maiti jambo ambalo sitalisimulia mbele ya wazee. Alice halisi alikwenda mochari kweli kumuaga mpenzi wake wa zamani. Kwa hiyo siwalaumu kwa kumpeleka huko. Ninacholaumu ni kwamba chumba kile kilikuwa na maiti yenye tundu nyuma ya sikio, ushahidi mkubwa kuliko wote katika kesi hii, na filamu inapopata nafasi ya kusimama karibu na tundu hilo, inatazama kwingine. Imetumia maiti kama kitanda.

Nikisema mbwembwe, hiyo ndiyo maana yangu. Mtindo kwangu ni kitu kingine, na hakuna hadithi isiyokuwa nao. Hata shahidi kortini ana mtindo wake wa kujibu. Mbwembwe ni pale ambapo jambo linafanywa ili wewe umtazame anayesimulia badala ya kinachosimuliwa. Bibi zetu walikuwa na kipimo chao: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti ni kwamba mkakasi huu ndani haukuwa na kipande cha mti. Ulikuwa na dhahabu, na mafundi wakaimwaga ili wapate nafasi ya kunakshi kifuniko.

Turudi kortini kama nilivyoahidi.

Broughton alimleta wakili kutoka Johannesburg, Harry Morris. Upande wa mashtaka ulikuwa na Mwanasheria Mkuu, Walter Harragin, na mnyororo uliokaza: risasi zilizomuua Erroll na risasi za Nanyuki zimetoka kwenye bunduki moja, aliyekuwa akilenga shabaha Nanyuki ni Broughton, kwa hiyo bunduki ni ya Broughton. Kila mtu mle ndani aliamini bunduki hiyo ni moja ya zile Colt zilizodaiwa kuibwa. Morris akauliza swali dogo. Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifereji, na mifereji hiyo huikwaruza risasi inapopita, kama chungio linavyoacha alama kwenye ugali mbichi. Je, risasi hizi zina alama za mifereji mingapi? Mitano. Inazunguka upande gani? Kulia. Na Colt ina mifereji mingapi? Sita. Upande gani? Kushoto.

Basi. Mitano na sita, kulia na kushoto. Bastola ambayo mashtaka yote yalikuwa yameketi juu yake ikanyanyuka ikatoka chumbani. Haikuthibitisha kwamba mzee yule hakuua. Mtu anaweza kuwa na bastola ya tatu. Lakini mnyororo ulikatika, na mbele ya mnyororo uliokatika watu kumi na wawili wakasema hana hatia.

Mimi si mtu wa sinema, ni mwalimu aliyezeeka na chaki mkononi. Lakini nipeni chumba kimoja, meza moja, wakili mmoja anayeshika risasi kwa vidole viwili na kuuliza hesabu ya darasa la pili, na mshtakiwa anayesikia kwamba nambari sita imemtoa kamba shingoni. Nionyesheni uso wa Ackland hapo kwa dakika tatu tu. Naye Ackland angeweza. Ndiye uti wa mgongo wa filamu ile, ana uso wa mtu anayetabasamu huku akihesabu hasara. Badala yake kesi inapita kama muhtasari, tukikimbilia damu iliyopangwa mwishoni.

Mwisho huo niueleze, kwa sababu ndipo koti linapofunika kila kitu.

Katika maisha, mambo yalikwisha hivi. Alice alijipiga risasi Septemba 1941. Broughton, akiwa huru lakini hasalimiwi na mtu, alisafiri kurudi Uingereza mwaka uliofuata. Desemba 1942, katika hoteli moja mjini Liverpool, akajiua kwa dawa alizozidisha. Diana alibaki Kenya. Mwaka 1943 aliolewa na yule Colvile, na 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, akawa mmoja wa wanawake wenye ardhi na nguvu kubwa zaidi nchini. Alikufa 1987, mwaka huo huo filamu ilipotoka.

Katika filamu, Diana anagundua ushahidi unaomwelekea mumewe, Broughton anamtisha kwa bunduki, kisha anajipiga mwenyewe mbele yake. Diana anakimbia akiwa na damu nguoni, na anawakuta marafiki zao wamekusanyika kwenye kaburi la Alice, glasi mkononi, wanastarehe. Picha nzuri sana. Mwanamke mwenye damu, watu weupe kwenye nguo nyeupe, kaburi, vilima. Unaweza kuitundika ukutani.

Lakini pimeni wenyewe. Mzee peke yake katika chumba cha hoteli, Desemba, bandari iliyopigwa mabomu, nchi iko vitani, hakuna anayejali ni nani aliyelala chumba kile, na mtu aliyeokolewa na nambari sita anajihukumu mwenyewe kwa mkono wake. Au huenda hajihukumu. Huenda amechoka tu. Hilo ndilo linaloumiza: hatupewi jibu. Filamu ilikuwa na mwisho wa namna hiyo mkononi, bure, umeandikwa na maisha yenyewe, ikautupa kwa sababu haukuwa na kelele. Na kwa kumfanya Broughton ajiue mbele ya mkewe baada ya ushahidi kupatikana, ilifanya kosa kubwa zaidi ya la ladha. Ilitoa hukumu. Jambo ambalo watu kumi na wawili walilikataa baada ya wiki tano za kusikiliza, filamu ililiamua kwa mlio mmoja wa bunduki, na sisi tukalipokea kwa kuwa lilikuja limepambwa.

Mtu ataniuliza: mwalimu, si kitabu kilichozaa filamu kilisema vilevile? Kweli. James Fox, katika kitabu chake cha 1982 chenye jina hilo hilo, alifika kwa Broughton. Lakini alifikaje? Yeye na mwandishi Cyril Connolly walianza kufukua jambo hili mwaka 1969 kwa ajili ya gazeti la Uingereza. Connolly akafa 1974, Fox akaendelea peke yake, akiwa na madaftari ya mwenzake, akiwasaka vikongwe waliokuwa vijana wakati ule. Kitabu kile kinatembea. Unaona mtu akikosea, akirudi, akipigiwa simu, akidanganywa. Filamu ilichukua jibu la kitabu ikaacha mwendo wake, kama mtoto anayenakili nambari ya mwisho ya hesabu ya jirani. Mkinakili namna hiyo darasani kwangu, hata jibu likiwa sahihi, napiga mkasi.

Na jibu lenyewe halijatulia. Mwaka 1997 Leda Farrant aliandika kitabu kilichomwelekeza msomaji kwa Diana. Mwaka 1999 Juanita Carberry, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati ule, aliandika kwamba Broughton mwenyewe alikiri mbele yake. Mwaka 2000 Errol Trzebinski akasema ni mkono wa majasusi wa Uingereza, akikumbusha kwamba Erroll aliwahi kujiunga na mafashisti wa Uingereza miaka ya thelathini. Mwaka 2010 Paul Spicer akasema ni Alice. Mjapani Akira Kurosawa, tangu 1950, alikuwa ameshatuonyesha katika Rashomon jinsi ya kusimulia kifo kimoja kwa midomo minne bila kumpendelea yeyote. Na filamu ile ina mbinu kuliko White Mischief mara kumi, ila kila mbinu inauliza swali. Vivyo hivyo Richard Brooks, 1967, alipotengeneza filamu ya mauaji ya familia moja ya Kansas yaliyoandikwa na Truman Capote, alipeleka kamera kwenye nyumba yenyewe walimouawa watu wale, akapiga kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ukiingia nyumba kama hiyo, nadhani mkono wa kupamba unanywea wenyewe.

Mwaka juzi nilitaka kujua jambo moja kwa miguu yangu. Utetezi ulisema Broughton alikuwa na mguu mbovu na macho yasiyoona vizuri usiku. Aliyemuua Erroll, kama alitoka nyumba ile, ilibidi arudi gizani, karibu kilomita nne, na awe ndani kabla ya kubisha mlango wa mgeni wao mmoja, kama saa tisa na nusu, kumuuliza kama yuko salama. Basi nikatembea kutoka Marula Lane hadi makutano. Mimi sina mguu mbovu, ila nina miaka, na nilikwenda mchana. Dakika hamsini. Mbwa watatu walinibwekea, na mlinzi wa lango moja akanifuata hatua chache akitaka kujua natafuta nani. Nikamwambia natafuta Earl wa Erroll. Akasema huyo hakai mtaa huu.

Njiani ndipo nilipong'amua tulichonyimwa: kilomita nne. Katika filamu yote ile usiku ni pambo, hauna urefu. Hujui ni mbali kiasi gani, hujui mtu atatoka jasho kiasi gani, hujui viatu vyeupe vitapata rangi gani kwenye murram. Uhalifu ni kazi ya mwili. Una umbali, una saa, una uzito.

Una pia watu wanaouona bila kuonekana. Barabara hii mwaka 1941 ilikuwa mpaka wa dunia mbili: kule mashamba yaliyomegwa kutoka kampuni ya kahawa ya Karen, huku, tulipokaa sasa hivi, hifadhi ya Wamasai. Katika nyumba kama ile ya Marula Lane, mzungu hakuwasha moto bustanini kwa mkono wake, hakupiga chokaa viatu vyake, hakujifungulia mlango. Kila ushahidi wa kesi ile ulipitia kwanza mikononi mwa mtumishi. Hata hivyo aliyeshtakiwa alikuwa mzungu, na sheria ya koloni ilimpa haki ya kuhukumiwa na jopo la wazungu kumi na wawili. Mwafrika alipewa wazee wa baraza ambao maoni yao jaji angeweza kuyaweka kando. Orodha ya wahusika wakuu wa filamu ni kama orodha ya jopo lile. Watumishi wanabeba sinia, wanashika farasi, wanasimama nyuma ya kiti. Macho yao yanatumiwa kutia hofu kidogo kwenye picha, kama unavyotia pilipili, kisha kamera inaondoka. Hakuna anayewauliza. Sisemi waongezewe maneno ili tuonekane wengi. Nasema wao ndio waliojua saa ngapi mlango ulifunguliwa.

Mnajua kwa nini jambo hili linatukera sisi wa Kajiado zaidi ya wengine. Mwaka 2005 mjukuu wa yule Lord Delamere aliyemwoa Diana, Tom Cholmondeley, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa shirika la wanyamapori, kwenye shamba la familia yake huko Bonde la Ufa, na kesi ikaondolewa kabla haijasikilizwa. Mwaka uliofuata mtu mwingine, Robert Njoya, aliuawa kwa risasi kwenye shamba hilo hilo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Watu waliandamana. Siku moja kijana mmoja atatengeneza filamu ya kesi hiyo, huenda ameketi humu. Namwomba tu asianze na machweo.

Nanyi vijana, mnajua nawasema kwa nini. Kuna kamera ndani ya kila simu humu ukumbini, na kuna watatu ninaowajua ambao wana ndege zile ndogo zisizo na rubani. Mwaka jana kundi moja liliniletea filamu yao fupi kuhusu wizi wa ng'ombe uliotokea Kerarapon, jambo la kweli. Nilisaidia kuandika mswada, kwa hiyo lawama ni yangu pia. Tulikuwa na vilima kutoka angani, mara saba. Tulikuwa na mwendo wa kobe kila mtu alipogeuza kichwa. Tulikuwa na ngoma. Tulipomaliza, mzee mwenye ng'ombe, ambaye tulimwalika kwa heshima, alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza kwa upole: wale ng'ombe walipitia lango gani? Tukatazamana. Hatukuwa tumelionyesha lango. Lilikuwa limekatwa waya sehemu moja tu, chini, na mtu aliyejua pa kukata, na ndiyo maana kila mtu pale Kerarapon alijua mwizi ni wa nyumbani. Hadithi nzima ilikuwa kwenye waya ule, nasi tulikuwa angani.

Sasa nimeomba projekta, na baada ya chai tutatazama sehemu ya filamu. Nimechagua dakika zile chache za kortini. Nyingine nimeziacha, na msinilaumu. Leo mimi ndiye mwenye koti.

Lakini kabla taa hazijazimwa, kuna mama mmoja hapa mbele ambaye huuza maziwa pale steji, na ambaye jioni ya juzi nilimweleza habari hii yote nikinywa chai yake: Buick, mkataba, bastola, soksi, mifereji mitano na sita. Alisikiliza vizuri huku akimimina. Nilipomaliza nilitarajia aniulize ni nani aliyeua, kama wanavyouliza wote. Akafunika kopo lake, akajifuta mikono kwenye leso, akasema: "Na wale wa lori, mwalimu, walipozuiwa pale na polisi, maziwa yao hayakuganda?"